TAHARIRI: Tusiwe wapakuaji tu, Kiswahili nacho kinahitaji kiendelezi chake

CHUKUA mfano wa kijana wa Kagio aliyetengeneza tovuti ndogo ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi. Nyanya, vitunguu, mchele wa pishori kutoka Mwea, kila mtu anaweka tangazo lake kwa Kiswahili cha kawaida. Mnunuzi aliye Nairobi anafungua simu, anaandika "mkulima wa kitunguu". Majibu: hakuna kitu. Na tangazo liko pale pale, limeandikwa "wakulima wa vitunguu Kagio, karibuni".

Mnunuzi anafunga simu na kumpigia broka. Mkulima anabaki na magunia yake. Kijana naye anaambiwa kazi yake ni bure.

Kosa si lake peke yake. Hifadhidata anayotumia, PostgreSQL, ni mojawapo ya zile zinazoheshimika zaidi duniani. Ilianza mwaka wa 1986 kama mradi wa Profesa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 1996 inaitwa PostgreSQL. Ni programu huria: unaichukua bila malipo, unaisoma ndani, unaibadilisha upendavyo. Inakuja ikiwa tayari na uwezo wa kutafuta maneno katika lugha zaidi ya ishirini. Ukiandika neno la wingi kwa Kiingereza, inajua umoja wake. Inafanya hivyo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, Kihindi, Kinepali, Kiarmenia, Kibasque, hata Kiyidi.

Kiswahili hakimo.

Lugha ambayo UNESCO inasema ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, na ambayo tangu 2021 imetengewa siku yake ya dunia, Julai 7, haimo katika orodha ambayo Kibasque kimo. Kabla hatujaanza kulaumu wazungu, tujiulize swali moja la haki: nani alitarajiwa kuiweka humo?

Msimamo wetu ni kwamba kazi hii ni ya vijana wa hapa, kwamba njia ya kuifanya iko wazi tangu 2011, na kwamba vyuo vyetu vya Mlima Kenya vina kila kitu kinachohitajika ila uamuzi.

Tuanze na hiyo njia. PostgreSQL ilijengwa kwa namna kwamba huhitaji kungoja wenyewe wakuongezee kitu. Unaandika kipande chako, kinachoitwa kiendelezi, na kukipachika. Toleo la 9.1, lililotoka Septemba 2011, lilirahisisha mambo kabisa: amri moja tu, CREATE EXTENSION, na kiendelezi kimeingia na vikorokoro vyake vyote. Ukikichoka, amri nyingine moja inakitoa.

Ila palikuwa na tatizo jingine. Viendelezi vilikuwa vimetawanyika, kimoja kwenye ukurasa wa profesa fulani, kingine kwenye seva ya kampuni iliyokwisha kufungwa. Mtayarishaji programu Mmarekani, David Wheeler, alipendekeza mwaka wa 2010 kwamba kuwe na ghala moja la pamoja. Hakubuni wazo hilo kutoka hewani. Watu wa lugha ya Perl walikuwa na ghala lao, CPAN, tangu 1995, na alitaka wa PostgreSQL wapate la kwao. Likazaliwa PGXN, yaani PostgreSQL Extension Network.

Linavyofanya kazi, hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuelewa. Unafungua akaunti. Unafunga kazi yako katika faili moja ya zip, na ndani yake unaweka faili fupi iitwayo META.json inayosema jina la kiendelezi, toleo, mwenyewe ni nani, leseni yake ni gani na kinafanya nini. Unapakia. Seva inakagua kama maelezo yametimia, inakiingiza kwenye orodha, na seva za nakala zinakivuta kutoka pale. Mtu aliye Lima, Jakarta au Embu akikihitaji anaandika amri moja kwenye kompyuta yake na kinashuka. Hakuna anayekuuliza una digrii gani wala baba yako ni nani.

Msomaji atasema hayo ni mambo ya watu wa kompyuta, yanamhusu nini mama aliyempeleka mtoto kliniki? Yanamhusu sana.

Kila mwezi zahanati na hospitali za Kirinyaga, Nyeri na kwingineko nchini hutuma takwimu zao kwa Wizara ya Afya: watoto waliochanjwa, waliougua malaria, akina mama waliojifungua. Tangu 2011 takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kitaifa uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuuweka mfumo huo mtandaoni nchi nzima. DHIS2 hukaa juu ya PostgreSQL. Na mwongozo wake wa kuisakinisha unakuambia wazi kwamba lazima uweke kiendelezi kiitwacho PostGIS, kile kinachoifanya hifadhidata ijue ramani, mipaka na umbali.

PostGIS iliandikwa na kampuni ndogo ya Victoria, Canada, Refractions Research, ikatolewa bure mwaka wa 2001. Watu wale huenda hawajawahi kusikia jina Kagio. Hata hivyo, afisa wa afya anapotazama ramani kuona ni wadi gani chanjo imerudi chini, jasho lao limo. Hatukulipa hata shilingi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye aibu yetu. Kwa miaka mingi sisi tumekuwa wa kupakua tu. Tunashusha, tunatumia, tunamtoza mteja, tunanyamaza. Kila kijana anayetengeneza mfumo wa sacco, agrovet au duka la mchele anaandika upya kile kile: namna ya kusafisha namba za simu, kwa sababu mteja mmoja anaandika 07, mwingine 01, mwingine +254, mwingine 254 bila alama ya kujumlisha, na M-Pesa inataka namna moja. Fikiria ni usiku mingapi imepotea nchi hii kwa tatizo hilo moja, kila mtu chumbani mwake, kila mtu akidhani ndiye wa kwanza. Mtu mmoja angelitatua vizuri, alifunge kama kiendelezi, alipakie, na wengine wote walale.

Watu wa Mwea hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mpunga umelimwa pale kwa maji ya mifereji tangu miaka ya hamsini. Maji ya Thiba na Nyamindi hayafiki shambani mwako kwa sababu wewe ni mjanja. Yanafika kwa sababu aliye juu amezibua sehemu yake, na aliye chini anakutegemea wewe uzibue yako. Mkulima anayechukua zamu ya maji kisha anakosekana siku ya kutoa matope anajulikana kijiji kizima, na jina analoitwa si zuri. Basi mbona kwenye kompyuta tunaona ni sawa kuchukua maji kila msimu bila kushika jembe?

Tunajua majibu ya vijana, tumeyasikia.

La kwanza: nani atanilipa? Tuseme ukweli, PGXN haimlipi mtu. Ukipakia kiendelezi leo, kesho mfuko wako utakuwa vile vile. Ila anayetafuta kazi bila kujuana na mtu ana haja ya ushahidi kuliko mwingine yeyote. Cheti kinasema ulisoma. Kiendelezi chenye jina lako, kinachotumiwa na watu usiowajua, kinasema unaweza. Mwajiri wa Nairobi au Kigali anakifungua na kusoma kazi yako mstari kwa mstari, bila mjomba kupiga simu. Na mteja aliyekipenda akitaka kiongezewe kitu, atamtafuta nani kama si mwenyewe?

La pili: mimi si mtaalamu wa kiwango hicho. Hebu turudi kwa Kiswahili uone. PostgreSQL ina njia kadhaa za kuifundisha lugha mpya. Moja inahitaji msimbo mzito. Nyingine inahitaji faili mbili tu za maandishi ya kawaida: orodha ya maneno, na orodha ya kanuni za viambishi vya mwanzo na vya mwisho. Kwenye orodha unaandika "kitunguu" na kuweka alama ya ngeli yake. Kwenye kanuni unasema ngeli hii hugeuza ki- kuwa vi-. Umemaliza kitunguu, kikapu, kijiko na vingine mamia. Kanuni ya m- na wa- inamaliza mkulima, mkaguzi, mfugaji. Kampuni ya Urusi, Postgres Professional, ilifunga kamusi za namna hiyo za Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na lugha nyingine kama viendelezi. Hakuna uchawi ndani yake.

Kazi yenyewe ni ya lugha zaidi kuliko ya kompyuta. Huwezi kukata herufi za mwanzo kiholela. "Wali" unaanza na wa- lakini si wingi wa chochote. "Kilo" si "lo" iliyovalishwa ki-. "Mama" si wingi wa "ma". Jicho huwa macho, jino huwa meno. Vitenzi ndivyo mlima wenyewe: ninauza, tuliuza, wameuza, haziuzwi, vyote vina mzizi mmoja na vinaanza tofauti. Halafu kuna mpunga, mchele na wali, ambavyo kwa mtu wa Mwea ni hatua tatu za kitu kimoja, na anayetafuta kimoja pengine angependa kuonyeshwa na cha pili. PostgreSQL inakubali kamusi ya visawe kwa kazi hiyo hiyo. Sasa niambie, mtaalamu wa California atayajuaje hayo? Mtaalamu ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyekaa meza moja na mwanafunzi wa kompyuta.

Wala hatutakuwa wa kwanza kuipeleka lugha yetu kwenye programu huria. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Na Wakenya tushawahi kuipa dunia kitu. Ushahidi ilizaliwa hapa mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili watu waripoti kwa simu yanayotendeka. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Uwezo tunao, kinachokosekana ni mazoea.

La tatu: bando. Hili ni la kweli na hatutalipuuza. Darasa la wanafunzi arobaini, kila mmoja akishusha faili zile zile kwa pesa zake, ni hasara ya kijinga. Lakini mtandao wa namna hii umeundwa kwa nakala. Chuo kinaweza kuweka seva moja ndani, ikavuta kila kitu mara moja usiku, kisha wanafunzi wakachukua kutoka chumba cha pili bila kugusa bando.

Wenye kumbukumbu wanajua nchi hii ilikwisha kupigania jambo la aina hiyo. Zamani barua pepe ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda jirani yake ilizunguka kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Watoa huduma za intaneti, chini ya chama chao cha Tespok, wakafungua kituo cha kubadilishana data hapa nyumbani, KIXP, mwishoni mwa 2000. Hazikupita wiki nyingi tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe, baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba haki ya kubeba data ilikuwa yake peke yake. Walibishana na kujadiliana hadi Februari 2002 kilipofunguliwa tena. Leo hakuna anayeuliza kwa nini data ya jirani isitoke Kenya. Kilichofanywa kwa nyaya kinaweza kufanywa kwa ghala la programu, na safari hii hakuna wa kutuzuia.

Kuna pingamizi la nne, na hili huja kwa wakubwa: ati kitu kinachopakiwa na yeyote ni hatari. Hawajakosea kabisa. Machi 2016 mtu mmoja aliyekasirika aliondoa vipande vyake kwenye ghala la npm la JavaScript. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, na mifumo mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ameficha mlango wa nyuma katika xz, programu ya kubana faili iliyo katika kompyuta zisizohesabika. PGXN nayo hukagua kama kifurushi kimekamilika, haikuhakikishii kwamba kilichomo ni salama.

Lakini tazama nani aliyeukamata mlango wa xz. Ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL hiyo hiyo. Aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akakataa kupuuza, akachimba hadi akakuta uchafu. Aliweza kuchimba kwa sababu msimbo na vifurushi vyote vilikuwa wazi. Programu iliyofungwa ingemwacha nje ya mlango na mashaka yake. Kwa hiyo funzo si kukimbia ghala la pamoja. Funzo ni kusoma unachoshusha, kukijaribu kando kabla ya kukiweka penye data ya watu, na kuwa na watu wako wenyewe wenye macho ya kusoma. Taifa la wapakuaji watupu halina macho hayo.

Sasa tuseme nani afanye nini.

Vyuo vikuu vyetu viko karibu: Kirinyaga pale Kutus, Karatina, Dedan Kimathi pale Nyeri. Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta nchini huandika mradi wa mwisho, unafungwa kwa jalada zuri, unapewa alama na kuwekwa kabatini. Tunapendekeza sehemu ya alama itolewe kwa kuchapisha: kipande kimoja kinachofaa wengine, chenye leseni huria, maelezo na majaribio, kilichopakiwa penye kila mtu anaweza kukishusha. Idara za Kiswahili ziingizwe katika mpango huu kama wenye kazi, si wageni waalikwa. Kila chuo pia kiweke seva ya nakala, na KENET, ambayo kazi yake ni kuunganisha vyuo vyetu, isaidie.

Serikali za kaunti zinaponunua mifumo kwa pesa zetu, mkataba useme wazi kwamba vipande vya jumla visivyogusa siri za wananchi vitatolewa kama programu huria. Haiingii akilini Kirinyaga ilipe, Nyeri ilipe, Murang'a ilipe, kwa kazi ile ile ya kupanga namba za simu.

Na wewe kijana, usingoje chuo wala kaunti. Mwezi huu chukua kitu kimoja ulichokwisha kukitatua, hata kiwe kidogo. Kiandikie maelezo ambayo mtu asiyekujua ataelewa. Chagua leseni. Pakia. Mtu akikuandikia kwamba kina kosa, usinune, shukuru na urekebishe, kwa kuwa huko ndiko kutoa matope mferejini. Walio na hamu ya kamusi ya Kiswahili waanze na nomino za sokoni, mia mbili tu, za Kagio: nyanya, vitunguu, magunia, mizani, madalali. Vitenzi vitafuata, na wa Mombasa, Dodoma na Bukavu watarekebisha tulipokosea.

Mla cha mwenzake na chake huliwa. Tumekula vya wenzetu wa Berkeley, Victoria na Oslo kwa miaka mingi na havikupungua. Ni wakati nao wapate cha kula kutoka kwetu. Na siku hiyo ikifika, mnunuzi akiandika "mkulima wa kitunguu", simu ya mtu pale Kagio italia.